Mume wa Mama Gijun Alirudi Siku Saba

Kila Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi wa utamaduni wa wilaya ya Yeongdong, Korea, huonyesha filamu bure kwa wazee waliotimiza miaka sitini na tano, na chai ya shayiri hutolewa mlangoni katika vikombe vya karatasi. Jumanne ya pili ya Oktoba walikuja wanawake arobaini na mmoja na mwanamume mmoja, ambaye alisinzia kabla taa hazijazimwa. Filamu ilikuwa ile ile ya wiki iliyotangulia. Wanawake walikuwa wameandika majina yao kwenye karatasi wakaomba irudiwe.

Ilikuwa filamu ya mapenzi, ya polepole kupita kiasi. Mtengeneza miavuli anakufa. Miaka mitatu baadaye mkewe, Yeonhwa, anamenya tunda la persimoni mpaka ganda linatoka lote bila kukatika, analitundika msumarini, na marehemu anaingia, anaketi. Ruhusa yake ni mpaka ganda likauke. Baada ya hapo hakuna kinachotokea. Mvua inanyesha. Birika linachemka mpaka maji yanakwisha, na kamera inalisubiri kwa adabu. Halafu mtengeneza miavuli anamtazama mkewe dakika saba, kisha anamwita kwa jina mara tatu, na kati ya mwito mmoja na mwingine mtu anaweza kwenda msalani akarudi bila kupitwa na lolote.

Wanawake walilia. Bi Pyo Geumrye, mjane wa miaka sabini na miwili, alilia mpaka leso ikalowa, akaazima ya jirani. Tuseme ukweli, filamu yenyewe haikuwa na akili. Mtu amelala kaburini miaka mitatu, anarudi nyumbani, hata njaa hana! Yeongdong nzima inajua kwamba wafu huja tarehe waliyofia, na huja kwa sababu ya chakula.

Baada ya filamu walikwenda kula tambi kwenye mgahawa wa nyuma ya soko. Mama Seulgi, muuza tofu aliyekuwa rafiki wa Geumrye kwa miaka thelathini, alifuta midomo akasema:

"Dakika saba, mwenzangu. Nimeangalia saa. Anamwangalia mwanamke dakika saba nzima wala hajauliza chakula kiko wapi!"

"Ndiyo maana wakaiweka kwenye filamu," alisema Geumrye.

"Mume wangu akiniangalia sekunde tano najua soksi imepotea."

"Lakini huwa anaiona?"

"Aione wapi! Naiona mimi." Mama Seulgi alivuta tambi. "Wewe una nafuu, shoga. Wako ameshakufa. Una matumaini."

Geumrye hakucheka. Zile dakika saba hazikumgusa sana. Alichokuwa anakililia ni jina. Tangu amzae Gijun, miaka arobaini na minane iliyopita, hakuna mtu aliyemwita Geumrye. Mtaani alikuwa Mama Gijun, kwa daktari wa meno alikuwa Mama Gijun, na Mama Seulgi mwenyewe, rafiki wa miaka thelathini, angeulizwa jina lake angebabaika. Mumewe, marehemu Tak Manseop, alimwita Mama Gijun siku zile mtoto alipozaliwa na "wewe" siku nyingine zote. Maneno yake ya mwisho duniani yalikuwa "Funga dirisha." Kwenye jiwe la kaburi jina la mume limechongwa kwa herufi kubwa, na upande wa kulia, anapongojewa Geumrye, fundi alikwisha kuchonga kabisa ili asije mara mbili: *mke, wa ukoo wa Pyo*. Kilichobaki kujazwa hapo ni tarehe tu.

Siku ya kumbukumbu ya Manseop iliangukia Jumamosi ya wiki ile. Geumrye na mkamwana wake Hyewon walikuwa jikoni tangu alfajiri, wakakaanga chapati za samaki na za maboga, wakachemsha nyama, wakapanga peya na tende za Kikorea, vyekundu mashariki na vyeupe magharibi, kama desturi itakavyo. Gijun aliamka saa nne, akavaa suti, akaandika karatasi ya kumwita marehemu. Jioni ilipoingia akafungua mlango wa mbele.

Manseop aliingia na sanda yake ya katani, akavua viatu, akaketi mbele ya meza. Gijun alimimina pombe ya mchele, akainama mara mbili mpaka paji la uso likagusa sakafu. Wanawake walibaki jikoni, kwa kuwa kuinama si kazi ya waliopika. Marehemu alionja.

"Supu haina chumvi," alisema.

Mwaka huu ulikuwa wa sita kusema hivyo, na kila mwaka Geumrye alikuwa ameongeza chumvi. Kwa kipimo kilichofikiwa, mtu hai angelazwa hospitali.

Kisha ukafika wakati ambapo wanaume hutoka nje na kufunga mlango ili mfu ale bila kutazamwa, na hukohoa mara tatu kabla ya kurudi. Gijun alitoka, akasimama uani na simu yake. Hapo Geumrye akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa ukoo wa Tak aliyewahi kulifanya. Alitoka jikoni na kisu na persimoni moja, akaketi mbele ya mumewe, akaanza kumenya. Ganda lilitoka lote bila kukatika. Hapakuwa na ajabu hapo, maana kila msimu alimenya persimoni elfu kumi za kukausha, na ganda lilikuwa halijamkatikia tangu enzi za mama mkwe. Akalitundika kwenye msumari wa kalenda.

Gijun alikohoa mara tatu, akaingia. Alichoma ile karatasi, ambayo ndiyo huwaaga wafu. Baba yake hakuondoka. Aliomba kijiti cha meno.

"Mama, baba bado yupo," alisema Gijun.

"Namwona."

"Sasa itakuwaje?"

"Atakaa mpaka ganda likauke."

Gijun alitazama saa. Treni ya Daejeon ilikuwa inaondoka baada ya dakika arobaini. "Basi msalimie," alisema, ingawa baba yake alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, na akaondoka na Hyewon na mabakuli matatu ya chapati.

Manseop alikaa siku saba. Alirudi mahali pake pa zamani, kwenye pembe inayopata moto vizuri ya ile sakafu ipashwayo joto kutoka chini, akashika kidhibiti cha televisheni. Alisema "Maji." Alisema "Dirisha." Majirani walipita kumsalimu, na mwenyekiti wa kijiji akamuuliza mfereji wa bonde la chini ulipita wapi kabla ya barabara kujengwa, naye akamweleza kwa saa mbili, kwa ufasaha, huku akichora kwa kidole sakafuni. Ofisi ya kata ilimpigia simu Geumrye kumjulisha kwamba, kwa kuwa sasa ana mume, nafasi yake kwenye basi la matembezi ya wajane imepewa mtu mwingine.

Geumrye alifanya kila kitu kama kwenye filamu. Alivaa sweta jeupe. Aliketi karibu na dirisha mvua iliponyesha, uso ameugeuza kidogo kwenye mwanga. Aliweka birika jikoni akaliacha lichemke, akangoja.

"Unaunguza birika," alisema Manseop.

Ilikuwa kweli. Alilisugua kwa majivu hadi jioni.

Jumamosi iliyofuata ganda lilikuwa jeusi na limejikunja kama kamba ya kiatu, limebakiza unyevu wa saa chache. Geumrye alipiga moyo konde, akazima televisheni, akaketi mbele ya mumewe.

"Baba Gijun. Niite."

"Nikuite ya nini, na uko hapa?"

"Niite tu."

"Mama Gijun."

"Hilo ni la Gijun. Niite kwa jina langu."

Manseop aliweka kidhibiti chini. Akamtazama. Alimtazama machoni, halafu kwenye paji la uso, halafu machoni tena, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoishi zamani. Geumrye aliweka nywele zake sawa nyuma ya sikio. Akaona haya, na umri wote ule. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba zilipita dakika saba, na katika ndoa yote hakuwahi kutazamwa kiasi hicho.

"Lete simu," alisema Manseop.

Alimpigia mwanawe, akaweka sauti kubwa kwa sababu hakujua namna ya kuipunguza.

"Gijun, mama yako anaitwa nani?"

"Mama?" Palikuwa na kelele za gari. "Anaitwa Pyo."

"Pyo nani?"

"Pyo... subiri, baba. Hyewon! Mama anaitwa nani?"

"Mimi kwenye simu nimemwandika Mama Yeongdong," ilisikika sauti ya Hyewon.

"Baba, Jumatatu ofisi zikifunguliwa nitachukua cheti cha familia. Kitakuwa kimeandikwa humo."

"Jumatatu sitakuwepo."

"Basi nitakitunza mpaka mwakani."

Manseop alikata simu, akamgeukia mkewe bila kinyongo. "Ndoa aliiandikisha baba yangu," alieleza. "Mimi siku ile nilikuwa shambani. Lakini wewe mwenyewe si unalijua? Niambie, nikuite, tumalize."

"Nikikuambia itakuwa nimejiita mwenyewe."

"Haya, basi. Supu imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Alimpashia. Manseop alikula bakuli zima, akasema haina chumvi, na ganda likaanguka kutoka msumarini. Akavaa viatu akaondoka, akauacha mlango wazi. Geumrye akaufunga. Kisha akasimama sebuleni peke yake akatamka jina lake kwa sauti, mara moja, akaona limekaa vibaya mdomoni, akaenda kuosha bakuli.

Jumanne filamu ilionyeshwa kwa mara ya nne. Mama Seulgi alikuwa amemwekea kiti.

"Enhe? Alikuita?"

"Alisema supu haina chumvi."

"Basi hajabadilika, maskini." Mama Seulgi alimpa kikombe cha chai. "Kaa, inaanza."

Mtu alikufa, ganda likamenywa, mvua ikanyesha, birika likachemka likakauka. Mtengeneza miavuli alitazama dakika zake saba.

"Yeonhwa," aliita.

"Abee," alijibu mwanamke mmoja wa safu ya mbele, taratibu tu, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Mtengeneza miavuli aliyageuza macho yake kutoka kwa mkewe, akautazama ukumbi. "Yeonhwa," aliita tena, na safari hii waliitika wengi, Mama Seulgi akiwa mmojawapo. Kisha ikapita ile nafasi ndefu, na wote wakaingoja. Alipoita mara ya tatu, wanawake arobaini na mmoja waliitika abee, na sauti ya Geumrye ilikuwa kubwa kupita zote. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosea jina. Yule mwanamume pekee ukumbini aliamka, akamgusa mkewe begani, akauliza mchana watakula nini.

Taa zilipowashwa, karani alipitisha karatasi ya wanaoomba filamu irudiwe wiki ijayo. Geumrye alichukua kalamu, akaandika *Mama Gijun*, akampa aliyefuata.