Neno Mlezi Mbele ya Baba Mdogo

Shule ile ya bweni ilikuwa na utaratibu wake. Anayeomba kuwa mlezi wa watoto hajitambulishi mwenyewe. Hutambulishwa na mtu aliyewahi kulelewa naye. Kamati ikishamsikiliza mtu huyo, ndipo inapopiga kura. Baba mdogo, aliyetuchukua mimi na mdogo wangu baada ya wazazi wetu kufariki, alinichagua mimi.

"Umesoma Kiswahili chuoni," aliniambia kwenye simu. "Waeleze neno mlezi limetoka wapi. Maneno matamumatamu, halafu ukae."

Alijua nina haya. Miaka tisa nyumbani kwake nilisema "ndiyo, baba" tu.

Wajumbe saba walikaa nyuma ya meza ndefu. Baba mdogo alikaa mbele, suti ya kijivu, viatu vinameta. Nilisimama na karatasi zangu nne.

"Mlezi linatokana na kitenzi kulea," nilianza. "Kulea ni kumtunza mtoto mpaka akue. Kumlisha, kumfunza, kumuuguza."

"Ehee! Mwanangu huyo!" baba mdogo akaitikia. Wajumbe wakacheka.

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Haya ikaniisha.

"Kumlisha," nikarudia. "Huyu baba alifunga kabati la chakula kwa kufuli. Sisi wawili tulikula makombo kwenye mfuniko wa sufuria, tumesimama. Kumuuguza: mdogo wangu alipopata homa, alimlaza stoo siku nne, eti kikohozi kinamkera. Sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo."

"We mtoto! Una wazimu?" baba mdogo akainuka.

"Samahani, baba. Bado sijamaliza."

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani minene, hakuinua hata sauti. "Kaa chini, mzee. Umemleta mwenyewe."

Nikasoma kurasa zote nne, polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu asichotaka kiishe. Kila alipoinamisha kichwa, nilingoja mpaka akiinue, ndipo nikaendelea.

Mikono saba ikamkataa.

Alinisubiri mlangoni, macho mekundu. "Umenivua nguo mbele za watu!"

Mimi hulia hata nikiona kuku akichinjwa. Niliitafuta huruma moyoni nimpe japo kidogo, sikuiona. Nikasogea pembeni, nikamwachia njia apite.