Wazee Walioshikana Mikono

Mwaka wa tisini na nne, shule moja ya sekondari huko Kisauni iliwaalika wazazi kutazama mchezo wa kuigiza. Johari na mumewe Chengo walikwenda kwa sababu binti yao, Kafedha, ndiye aliyepewa nafasi ya msichana mwenye mapenzi. Mchezo wenyewe ni wa kale, na wengi ukumbini waliujua mwisho wake: vijana wawili wa nyumba zinazochukiana wanapendana kwa siri, kisha wanakufa.

Kafedha alipolala jukwaani kama maiti, wanawake walijifuta machozi kwa leso. Johari hakulia. Kilichomtibua ni kilichofuata. Baba wa msichana na baba wa mvulana walikuja, wakawatazama watoto wao, wakaangua kilio, wakashikana mikono. Uhasama ukaisha pale pale. Watu wakapiga makofi.

"Unaona?" Johari akamwambia mumewe. "Kosa letu sisi ni kwamba tuliishi."

Chengo alielewa. Babake Johari, Mzee Mohdhar, alikuwa mwalimu wa madrasa Likoni, wa ukoo wa zamani. Chengo alikuwa kibarua wa bandarini Kipevu, Mgiriama, Mkristo, na hakukubali kusilimu ili aoe. Walifunga ndoa ya serikali kwa DC, wakaenda kuishi Utange. Mohdhar akatangaza kwamba hana binti wa jina hilo. Kwao Chengo nako hakukuwa na nafuu: hadi mwaka huo mamake alikuwa akimwita Johari "huyo mtu wako wa buibui," na hakuwahi kuonja alichokipika.

Asubuhi yake Johari alimchukua Kafedha, wakavuka kwa feri kwenda Likoni. Chengo alitaka kufuatana nao, Johari akamkatalia.

Mlango ulifunguliwa na Zubeda, mdogo wake. Akaziba mdomo kwa kiganja. "Dada! Baba yumo ndani."

"Ndiye niliyemjia."

Mohdhar alikuwa kitini, amezeeka kuliko Johari alivyotarajia.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia.

"Huyu ni Kafedha. Mjukuu wako."

"Shikamoo, babu," msichana akasema.

Mzee alimtazama kitambo. Kafedha alikuwa na pua ile ile ya babu yake, na ilionekana wazi kwamba babu ameitambua.

"Marahaba," akasema polepole. Kisha akamgeukia Zubeda. "Wape maji wanywe, wende zao."

Johari akamsogelea. "Baba, nikifa utakuja?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu. Nikifa, utamshika mume wangu mkono?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikoi chake, akachelewa kuirudisha machoni.

"Ukifa nitakuja nikuchukue, nikuzike kwa dini yako. Wallahi sitakuacha kwa wale. Na mumeo akinipa mkono siku hiyo, nitaupokea. Msiba ni msiba."

"Na leo?"

"Leo u mzima."

Zubeda alileta maji. Kafedha akapokea bilauri, akanywa yote, kwa kuwa hakujua afanye nini jingine. Johari hakuigusa yake. Akamshika binti yake mkono, wakatoka, na nyuma yao akasikia Zubeda akilia na mzee akimwamuru anyamaze.

Walipofika Utange, Chengo alikuwa amekaa kizingitini.

"Ulikwenda kutaka nini, mama Kafedha?"

"Nilitaka anione niko hai."

"Akakuona?"

"Akaniona."

Chengo akainama, akawa anachokoa sugu za viganja vyake. Kafedha alisimama kati yao, akimtazama huyu na huyu, akitafuta la kuwafariji.

"Lakini mimi shikamoo yangu aliiitikia," akasema, na tabasamu likamponyoka.

Johari alitamani kumzaba kofi. Akaingia ndani haraka, asije akamzaba kweli.