Vidonge Nyuma ya Mtungi wa Gesi

Mimi nikilipiza kisasi huwa siachi alama. Na vidonge vya maumivu havinihusu. Hivyo ni vya watu laini.

Shemeji yangu, mume wa dada, alihamia kwetu nyumba yao ilipokuwa inaezekwa upya. Wiki iliyopita nilikimbia kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule, na kesho yake mapaja yakagoma, nikawa nashuka ngazi kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Shemeji akanipigia vigelegele. Akaniita Bibi Harusi, tena akalieneza jina hadi kinyozi wangu akaniuliza mahari imefikia wapi. Nikaapa kwamba naye atatembea mwendo ule ule, na mpiga vigelegele nitakuwa mimi.

Jumamosi jioni nikamchokoza uani, mbele ya dada, kwamba kitambi chake hakiwezi kuchuchumaa na kuinuka. Akavua shati. Kila alipochuchumaa nami nikachuchumaa, asije akapata kisingizio cha kuacha, hadi sote tukawa tunatetemeka kama mashine ya kusaga. Alipokwenda kuoga nikakusanya vidonge vyote vya maumivu vya nyumba nzima, pamoja na chupa ya dawa ya kuchua, nikavisukuma chini kabisa ya kabati la jikoni, nyuma ya mtungi wa gesi. Nilijipongeza sana kwa hilo: hata akihisi viko huko, ataviinamia kwa kiuno cha nani?

Asubuhi shemeji alikwama kwenye kochi. Dada akapekua droo zote, kisha akanituma duka la dawa. Nikazunguka kona, nikaegemea ukuta kidogo, nikarudi kusema wamefunga. Halafu nikapiga vigelegele.

"Kaza roho, shem," nikamwambia. "Harusi ni uvumilivu."

"Na wewe mbona hukai?"

Nikamjibu nimezoea kusimama. Ukweli ni kwamba ningekaa, wangeniinua kwa winchi.

Kufika mchana mapaja yangu yalikuwa yananitukana waziwazi. Dada alikuwa uani anafua, na bibi yetu, mzaa mama, nilimhesabu amelala chumbani kwake. Nikaingia jikoni, nikashuka sakafuni kwa awamu kama ngamia, nikapenyeza mkono nyuma ya mtungi, nikatoa vidonge viwili. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba maji yako juu ya meza. Nikajaribu kuinuka. Miguu ikakataa. Nikajaribu tena.

Nyuma ya mlango, mlio wa mchele kwenye ungo, ambao sikuwa nimeutilia maanani, ukakoma.

"Mume wangu," akasema bibi, ambaye huniita hivyo tangu nizaliwe, "hivyo havimezwi tumbo likiwa tupu. Ngoja nikupakulie." Halafu akapaza sauti kuelekea sebuleni. "Mkwe, dawa zimeonekana. Njoo taratibu tu, aliyezificha yupo, haendi popote."

Kochi likalia. Zikaja hatua moja moja, na katikati yake vigelegele.