Mwanga wa Magendo

Kompyuta ya Daphine ilinguruma wiki nzima ndani ya stoo ya mahindi ya shemeji yake Wanjala, Busia upande wa Kenya, kwa sababu kwao Osukuru, upande wa Uganda, umeme huja kama mgeni wa heshima: kwa nadra, na ukiondoka hauagi. Kazi yake ilikuwa kuzalisha. Ilichukua michoro ya kioo cha kunasa mwanga, chenye vitundu vidogo kuliko vumbi, ikaipandisha kama kuku: inayonasa mwanga zaidi inaachwa izae, mivivu inachinjwa.

Asubuhi hiyo akaanguliwa bingwa. Alinasa asilimia mia na tatu ya mwanga aliomulikwa.

Daphine hakuuliza kitu. Alimpigia mama, mama akampigia mchungaji, na kabla chai haijapoa jina lake lilikuwa kwenye ibada ya shukrani, pamoja na mbuzi. Jioni angemwonyesha profesa, ambaye angeamua kama ufadhili unaendelea au msomi anarudi kupalilia mihogo.

Wanjala akaingia na gunia begani, akachungulia.

"Shem, imeingia mia, imetoka mia na tatu?"

"Ndiyo. Sayansi hiyo."

"Hapa tunaiita magendo. Na wenyewe hawaitangazi kanisani."

Daphine akacheka, halafu akarudi kuikagua programu yake mstari kwa mstari. Mtoto wa mpakani mzima alikuwa amejenga kisanduku cha hesabu ili mwanga upite ndani yake, akasahau kuweka mlinzi kwenye ukingo mmoja! Mwanga uliotoka pale ulizunguka, ukarudi, ukahesabiwa tena. Vizazi vyote vile havikujifunza kunasa mwanga. Vilijifunza njia ya panya.

Akaziba ukingo, akampima bingwa upya. Arobaini na moja.

"Mwambie prof mia kamili," Wanjala akamshauri kwa huruma. "Hizo tatu ndizo zinaleta kesi."

Tusimsingizie utakatifu: alilifikiria, tena sana. Lakini profesa alipotokea kwenye skrini, alimwambia arobaini na moja, na jinsi mia na tatu ilivyovukia kwenye ukingo ulioachwa wazi.

Profesa alisogea karibu na kamera. Akakohoa. Akavua miwani.

"Huo ukingo," akasema polepole, "uliuzibaje? Nitumie leo. Mimi mwaka jana nilipata mia na moja, nikapongezwa hadi Kampala."

"Na ufadhili wangu, mwalimu?"

"Nani amesema unaisha? Ila hiyo mia na moja, tafadhali, ibaki kwetu."

Mama naye alikataa katakata kubadilisha ibada. Mbuzi, alisema, hajui asilimia.