Viti Arobaini vya Bluu

Siku ya kumpongeza Mama Tupo, Mama Tupo mwenyewe alifika wa kwanza, maana viti vilikuwa kwake.

Jina lake ni Atuganile, lakini mtaani kwake Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, walimwita kwa jina la bintiye, Tupokigwe, aliyeolewa Songea. Kwa miaka kumi na mmoja sebule yake ilikuwa stoo ya mtaa: viti themanini vya plastiki, maturubai mawili, sufuria tano za msiba na mwiko mrefu kama jembe. Mtu akifa, wafiwa walimgongea yeye kabla hata ya kuwapigia ndugu. Alijua nguzo zichimbiwe wapi, nani atapika, nani ana kisukari asiwekewe sukari kwenye chai. Hakulipwa. Hakuomba.

Mwaka huu aliomba. Mama yake alivunjika nyonga huko Tukuyu, na keshokutwa Lusungu, mdogo wake, angemleta Dar kwa basi. Atuganile alikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule iliyojaa viti. Mara tatu alimwomba Fakihi, mwenyekiti wa mtaa, ahamishe vitu vile. Mara tatu Fakihi alimjibu, "Tutakaa tulione hilo, mama yangu."

Sasa vijana walikuwa wanahangaika na turubai, huku limeinama upande kama kofia ya mlevi. Atuganile akajifunga kanga juu ya gauni lake jipya, akashika kamba.

"Mama Tupo, leo wewe ndiye mgeni rasmi, kaa bwana!" alisema Jovina, katibu wa kikundi cha akina mama.

"Nikikaa litawaangukia."

"Lituangukie tu. Angalau tutajua kama una mbadala."

Hakuwa naye. Alifunga kamba zote sita, ndipo akaketi, magoti yakimuuma.

Fakihi alichukua kipaza sauti. Ndege ilipopita juu yao alinyamaza, mdomo wazi, watu wote wakasubiri kama kawaida, kisha akaendelea na neno lilelile alipoliachia. Alisema mama huyu ni nguzo ya mtaa. Alisema viongozi wa kujitolea kama yeye hawapo tena. Akampa cheti chenye fremu. Akina mama wakaja wakicheza, wakamtupia kanga mabegani, moja juu ya nyingine, hadi zikafika saba. Kulikuwa na joto. Atuganile alitabasamu, jasho likimtiririka mgongoni, akawaza kitanda cha mama yake kitakaa ukuta upi.

"Bado!" alipaza sauti Fakihi. "Zawadi kubwa hii hapa!"

Guta la mizigo la magurudumu matatu likaingia kwa honi. Limepakia viti arobaini vipya, vya bluu, na turubai jipya ndani ya nailoni.

"Vyote kwako, Mama Tupo! Hakuna anayetunza vitu kama wewe!"

Vigelegele vikapigwa. Atuganile alivitazama vile viti kwa muda mrefu. Akapewa kipaza sauti.

"Nashukuru," alisema. "Viti vizuri sana. Guta lisishushe hapa. Liende kwa mwenyekiti."

Watu wakacheka hadi wakapigana makofi mgongoni. Mama Tupo kwa utani! Muziki ukafunguliwa.

Walikula pilau, wakaaga. Kama ilivyokuwa siku zote, kila mtu aliinuka akaacha kiti chake palepale. Upande wa Pugu wingu lilikuwa limeshika weusi. Atuganile hakuinuka.

Fakihi akamsogelea. "Mama Tupo, mvua ile."

"Naiona."

"Na viti je?"

"Naviona pia."

Fakihi akajikuna shingo. "Ufunguo unao, au niwatume vijana wakaufuate?"

"Keshokutwa mama yangu analala mle, Fakihi. Si viti vipya tu, hata vya zamani havirudi. Sufuria mje mzichukue kesho, baada ya ibada."

"Lakini mama, si unajua kwangu. Wapangaji, watoto..."

"Una sebule."

"Sebule ina makochi!"

Atuganile akamtazama. "Na mie nilikuwaga nayo."

Jovina akaguna, akaziba mdomo kwa mkono. Dereva wa guta akauliza, "Bosi, nielekee wapi? Mie nalowa hapa." Matone ya kwanza yalikuwa yameanza, mazito, yanatoboa vumbi.

Fakihi akatoa simu. Alizungumza na mkewe akiwa amewapa watu mgongo, kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia: "Sogeza makochi. We sogeza tu, nakuja kukueleza."

Vijana wakaanza kubeba viti. Fakihi mwenyewe akapanda juu ya kimojawapo kushusha turubai. Mvua ilikuwa imekaza na maji yameshajaa katikati, turubai limefanya tumbo, naye alikuwa anafungua kamba ya kulia. Atuganile aliona lile tumbo linavyoelekea kichwani kwake. Vidole vyake vikacheza vyenyewe juu ya cheti alichokipakata. Miguu ikataka kusimama, akaikatalia.

"Ya kushoto kwanza," alisema, akiwa ameketi. "Halafu ile ya nyuma. Taratibu. Kazi hii utaizoea."