Hazivuji

Mimi na hizi earphone tunafanana kwa jambo moja: hatuvuji.

Ndivyo nilivyokuwa namwambia kila anayesimama mbele ya kibanda changu hapa Karatu mjini, kando ya lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Unaziweka, unasikiliza kwaya yako au mpira wako, na aliyekaa ubavuni kwako haambulii hata herufi. Na mimi vilevile. Nimefeli hesabu mbele ya baba, nimeachwa na Brigita mbele ya dada zake, nimeingia mtaroni na pikipiki ya watu siku ya mnada, na hakuna aliyewahi kuniona nimelowa kope. Macho yangu ni ya kiwandani, nilikuwa nasema, hayapitishi maji.

Watu walicheka, wakanunua.

"Dogo, mbona haziingii sikioni?" aliniuliza siku moja Bartolomeo, dereva wa watalii, akiigeuzageuza moja kama anakagua jino la mbuzi.

"Haziingii, mzee. Hizi zina adabu, zinakaa barazani." Nikamtundikia juu ya sikio. "Spika iko hapa nje, tundu lako liko wazi. Unasikia muziki wako, na mgeni akipiga kelele 'simba' kiti cha nyuma, unamsikia pia."

"Na yeye anasikia muziki wangu?"

"Hazivuji."

"Umezipima?"

"Zimepimwa na mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa Supeet.

Tulikaa dawati moja sekondari. Yeye Mmaasai wa kule juu, ndani ya hifadhi, mimi Mwiraqw wa Endamarariek. Siku ya kwanza tuligombania dawati, siku ya pili tukagawana andazi. Jina langu ni Tluway, na kwa Kiiraqw tluway ni mvua. Alipolijua hilo sikuitwa Tluway tena. Mvua asubuhi, Mvua jioni, na paa la bweni lilipovuja alinishtaki mimi kwa mwalimu wa zamu.

Tulipomaliza form four yeye alirudi kwa ng'ombe wa baba yake, mimi nikafungua kibanda cha kava na chaji. Mzigo mpya wa earphone za bei ya kawaida ukiingia, nilimpandishia pea moja kwa gari la kijijini kwao, kwa sababu hakuna maabara inayoishinda kazi ya kuchunga. Unatembea tangu ng'ombe wanatoka mpaka wanarudi. Upepo wa kule ukingoni unang'oa kofia, ukungu unalowesha mpaka soksi. Na lazima usikie: kengele ya ng'ombe anayetangulia, mbwa akibweka, na kile kimya kinachoshuka nyati akiwa karibu. Earphone ya kuziba sikio kule ni ya mtu aliyechoka kuishi, alisema Supeet. Hizi za wazi ndizo zilizomfaa.

Ripoti zake zilikuja kwa voisi, tena kwa mkupuo, maana mtandao aliupata akipanda kilima. Zote zilianza vilevile, kwa sauti ya mtangazaji wa redio ambaye hajalipwa mshahara: "Supeet hapa. Moja, mbili. Mvua, unanisikia?" Halafu upepo, halafu ng'ombe, halafu hukumu. Hii imeanguka nikiruka korongo. Hii chaji imekufa kabla ng'ombe hawajanywa maji. Hii maiki yake inaupenda upepo kuliko mimi. Kuhusu ile ya kubana kama hereni alisema, "Ero, kijana, hii imekosea mlango. Imeona tundu la ndewe langu ikapitiliza moja kwa moja. Saa hizi naitafuta kwenye majani, na kuna ndama ananitazama kwa wasiwasi. Au kaimeza yeye?"

Hizi nyeusi za kutundika ndizo zilizofaulu. "Kengele nasikia," alisema. "Mbwa nasikia. Wimbo nasikia. Nimekimbia, nimeinama, nimepigana mieleka na dume, hazijatoka. Kuhusu kuvuja..." Nadhani aliangalia kulia na kushoto. "Kuhusu kuvuja, hapa niko na ng'ombe tu. Hawajalalamika."

Huo ndio upimaji wote uliofanyika. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ubao wa kibanda: HAZIVUJI.

Masika haya radi ilimpiga akiwa malishoni. Hakuna cha kueleza zaidi. Ilishuka, ikamchukua yeye na ng'ombe waliokuwa karibu naye. Voisi yake ya mwisho ilikuwa imenifikia mchana huohuo: "Supeet hapa. Moja, mbili. Mvua, unanisikia? Naona ndugu zako wanakuja kutoka upande wa Oldeani, wamenuna, weusi kama sufuria ya shule. Ngoja nishushe ng'ombe. Unanisikia?"

Nilikuwa na mteja. Nilimtumia kidole gumba.

Nilipanda kwenda msibani na gari la ndugu zake. Mama yake, Nalangu, alikuwa ameketi na wanawake kando ya nyumba, shuka limefunika mabega. Boma lile nilikuwa kama mtoto wa pale. Nilimwita yeyo, mama, kama wanawe walivyomwita, naye aliniita Mvua huku amefunika mdomo kwa mkono asionekane anacheka. Nikataka kumpa pole kwa kazi ninayoijua mimi, utani. Nikainama, nikasema, "Yeyo, Supeet angekuwepo hapa angesema..."

Sikumaliza. Wazee wakatazama chini. Witness, mdogo wake Supeet, akanivuta shati kwa nyuma.

Kwetu Endamarariek marehemu anatajwa kanisani misa hadi misa, na kutajwa ndiyo heshima yake. Pale bomani, mtu akishaondoka jina lake haliitwi tena. Kumwita ni kumsumbua yeye na kuwatonesha kidonda waliobaki. Nililijua hilo kabisa. Kichwa kilijua, ila mdomo wangu una tabia ya kutangulia.

Mama hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza.

"We kijana," alisema. Hakusema Mvua. Nikaelewa kwamba jina langu nalo lilikuwa limeingia katika yale yasiyotamkika. "Hiyo simu yako inalo jina lake?"

"Inazo sauti zake, yeyo. Alikuwa akianza anajitaja."

"Zifute. Sisi tunyamaze, halafu yeye ajiite mwenyewe ndani ya mfuko wako?"

"Nafuta."

Nikabonyeza mbele yake, mbele ya wazee, mbele ya Witness. Nilichofuta kilikuwa picha ya kava za simu. "Tayari," nikasema, nikarudisha simu mfukoni kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Witness naye akatoa ya kwake. Yeye alifuta kweli. Nilikiona kidole kinavyotafuta kila moja na kuifuta.

Basi nikarudi Karatu, nikaendelea na kazi ya kuchekesha watu. Kila mzigo mpya ulipokuja niliupima, na niliupima kwa voisi zile tu. Nilikuwa na sababu za kitaalamu: ukitaka kulinganisha earphone lazima utumie sauti ileile, na hakuna sauti niliyoijua vizuri kama ile. Ikiwa kengele inasikika nyuma ya upepo, earphone ni nzuri. Ikiwa namsikia anavyovuta pumzi kabla ya kusema "Mvua", ni nzuri sana, naiandikia bei ya juu kidogo. Wateja wakiniuliza nasikiliza nini, nasema mpira. Hata asubuhi ya Jumatatu ambapo hakuna mpira popote.

Witness alikuwa anafanya kazi ya kufua kwenye loji moja hapa mjini. Siku moja alipita akitoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Kaka Tluway, nipe zile za kusikia magari. Natembea kando ya lami kila siku, haya magari ya watalii hayana huruma."

"Magari unayasikia bure, dada. Hizi ni za kusikia kwaya bila kugongwa."

Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka kabla sijamaliza. Akazitundika, nikamwekea kwaya, akatembea mpaka kwa fundi viatu na kurudi.

"Lori nimelisikia. Ila sauti nyembamba. Besi haipo."

"Besi ipo njiani. Imekwama getini, haina kibali."

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Halafu akazivua, akazishika kiganjani.

"Una sauti yake yoyote?"

"Ya nani?" nikauliza, mjinga kabisa.

Akanitazama mpaka nikaanza kupanga chaja ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Zangu nilifuta zote, kama mama alivyosema. Sasa namsahau," alisema. "Sura ninayo. Maneno yake ninayo. Ila vile alivyokuwa anayasema... Nikiwa nafua naanza kumsikia, naenda naye vizuri, halafu ghafla inakuwa sauti yangu mimi. Hata moja tu, kaka. Hata kikohozi."

Simu ilikuwa mfukoni, imegusa paja langu. Lakini nilipiga hesabu haraka. Witness hajawahi kumficha mama yake kitu. Nikimpa, mama atajua, nami nitaitwa bomani na safari hii mama atataka kushika simu mwenyewe. Nitakosa boma na nitakosa sauti. Hesabu ilitoka vizuri, kwa upande wangu.

"Nilifuta, Witness. Si uliniona?"

"Nilikuona," alisema.

Akarudisha earphone kwenye boksi lake, akalifunga kwa uangalifu mpaka likatoa mlio, akaondoka bila kununua. Nilimwangalia mpaka kona. Kila gari lilipopita alisogea mpaka kwenye nyasi.

Baada ya hapo hakupita tena upande wa kibanda changu. Alipita ng'ambo, kwenye maduka ya vitenge.

Juzi mchana mvua ilishuka kubwa. Watu wakakimbilia ndani ya maduka, mitaro ikajaa maji mekundu. Mimi nilikuwa peke yangu kibandani, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nimegeukia ukuta, na kulikuwa na mzigo mpya haujapimwa. Nikatundika pea mpya masikioni. Bati lilikuwa linapigwa mpaka sisikii kitu, nikaongeza sauti, nikaongeza tena, mpaka ikagota mwisho. Nikafumba macho. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile ya mwisho, nikaicheza, ikaisha, nikairudia. Nyuma ya kelele za bati nilimpata kwa mbali, kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya korongo.

Halafu mvua ikakatika. Ilikatika ghafla, kama simu iliyoishiwa salio, pakawa kimya mpaka matone yakasikika moja moja. Mimi sikushusha sauti. Sikuwa na akili ya kushusha sauti.

"Supeet hapa. Moja, mbili. Mvua, unanisikia?"

"Nakusikia," mtu akasema.

Nilidhani ni ndani ya voisi. Lakini voisi ile naijua yote, mahali upepo unapoingia na mahali ng'ombe anapokohoa, na hakuna popote mtu anapomjibu. Nikakumbuka sifa ya earphone hizi ninayoitangaza kila siku, kwamba dunia ya nje unaisikia vilevile. Nikafumbua macho, nikageuka.

Witness alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, hatua moja kutoka begani kwangu, mahali anaposimama mtu aliyekuja kujikinga mvua. Sketi yake ya kazi ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alikuwa pale tangu ilipoanza kunyesha. Mkono ulikuwa umefunika mdomo, kama mama yake, ila hakuwa anacheka.

"Naona ndugu zako wanakuja," Supeet aliendelea sikioni mwangu, na sikioni mwake pia, kwa kumwangalia tu nilijua. "Ngoja nishushe ng'ombe. Unanisikia?"

"Ee," alisema Witness. "Ee, kaka."

Nikanyoosha kidole kuzima.

"Usizime."

Nikaacha. Nikajifuta uso kwa kiganja, nikajifuta tena, kiganja chenyewe kikawa hakitoshi.

"Vumbi," nikasema. "Vumbi la Karatu hili, likikuingia machoni..."

Nyuma yake barabara nzima ilikuwa tope, na maji mekundu yalikuwa bado yanakimbilia mtaroni. Witness akatazama masikio yangu. Akatazama ubao wa chaki, ambao mvua ilikuwa imeufuta nusu. Kisha akayatazama macho yangu.

"Mlisema hamvuji," akasema.