Maji Ndani ya Mkaa

Kiwandani walimwita Mizani, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kupima mkaa na kusaini cheti cha tani zake kabla haujapelekwa mashambani kufukiwa. Haukuwa mkaa wa kupikia. Maganda ya mpunga yalichomwa kwenye tanuri lililozibwa hewa isiingie, na ile hewa ukaa ambayo mpunga uliivuta kutoka angani ikabaki udongoni kama mkaa, badala ya kurudi juu. Viwanda vyenye moshi mwingi vililipia kila tani, vipate kusema vimesafisha sehemu ya uchafu wao.

Meneja alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Ndiye aliyemtoa kwenye kufua nguo za watu akamweka pale.

Wiki moja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, paa la stoo likavuja, mkaa ukalowa chapachapa. Wanunuzi kutoka kiwanda cha saruji walikuwa njiani kuja kuchukua cheti cha tani mia mbili. Mizani alikausha sampuli kumi na mbili, akapima upya. Karibu nusu ilikuwa maji.

"Shem, andika mia mbili," meneja alisema. "Si ndivyo mzani wa lori ulivyosoma?"

"Mzani wa lori haujui maji wala mkaa. Mimi najua."

"Hewa nani anaiona? Nani atapanda juu kuhesabu?"

"Ndiyo maana mmeniweka mimi hapa chini."

Dada yake akapiga simu. "Mdogo wangu, unataka kutuaibisha?"

"Nakupenda, dada. Lakini saini ni yangu."

Wageni walipofika, aliambiwa asitoke stoo. Alitoka na ndoo, buti zimejaa matope, akaingia ofisini bila kubisha hodi. Akachota mkaa, akaufinya. Maji meusi yakachuruzika mezani.

"Tani zenu hizo, zinamwagika."

Mhandisi wa saruji alisogeza makaratasi yake. "Mama, sisi tunataka cheti tu."

"Ninacho." Akaweka karatasi mbili. "Hii ya tani mia moja na nne nimeshasaini. Hii ya mia mbili sainini wenyewe, majina kamili."

Kalamu ilikuwa katikati ya meza. Hakuna aliyeigusa. Mwishowe mhandisi akachukua ile ya mia moja na nne, akaaga kwa kuinamisha kichwa.

Kesho yake Mizani alikabidhiwa ufagio. Alifagia uwanja wiki tatu, akifika saa moja kamili, akiwasalimia wote kwa sauti, akianza na meneja. Kisha cheti cha mzigo mpya, kilichosainiwa na mtu mwingine, kikarudishwa kutoka kiwanda cha saruji, kikiwa na swali moja: yule mama wa ndoo amepima?

Meneja akamwita, hakumtazama usoni. "Rudi kwenye kazi yako."

"Nitarudi. Na nikikuta maji, nitaandika maji."

Dada yake bado amenuna. Kila Jumapili Mizani humpigia, na simu huita mpaka ikatike yenyewe.